Zamu ya Mwikali

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, Jumuiya ya Mtakatifu Monika husali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Mwenye nyumba hufagia, huazima viti kwa majirani, huchemsha chai, na kwa saa moja na nusu nyumba yake huwa ndiyo kanisa. Ratiba huandikwa na mwenyekiti, Bramwel, karani wa bandarini, mtu wa mwandiko mzuri na haraka nyingi. Kwa miaka kumi na mmoja jina la Mwikali liliandikwa kwenye ratiba hiyo, na kila zamu yake ilipokaribia, ikarukwa. Ngazi zake, aliambiwa, ni za wima mno kwa akina mama wenye magoti mabovu. Chumba chenyewe ni kimoja. Mungu akipenda, mama, zamu ijayo. Mwikali aliitikia amina, maana angesema nini tena?

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane wa Kioko aliyefanya kazi reli. Walishuka Mombasa kutoka Mwingi wangali vijana. Kioko alipofariki, watu walidhani mkewe atarudi bara, lakini huko nako hakukuwa na mtu wa kumngoja. Mwanawe wa pekee, Mutunga, ni mlinzi huko Doha. Hupiga simu Krismasi na Pasaka, huuliza afya, na hukata kabla jibu halijaisha. Mwikali hukaa ghorofa ya pili, Bondeni, na kazi yake ni kupinda leso za duka moja la Biashara Street. Hukanyaga cherehani toka asubuhi hadi adhana ya alasiri. Kuna siku maneno yake ya kwanza kuyatamka kwa sauti huwa ni yale ya kumwambia mwenye duka, "Nimeleta thelathini." Watu hupenda kusema kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna jamaa. Waseme tu, ulimi hauna mfupa.

Kwaresima ilipofika, kila jumuiya parokiani ilitakiwa kuchagua dhuluma moja ya mtaani na kuishughulikia mpaka iishe. Wengine walichagua takataka za Mbaraki. Mwikali, ambaye hakuwa msemaji, aliinua mkono akaeleza habari ya ujia ulio nyuma ya nyumba yake: bomba la choo la jengo la jirani lilikuwa limepasuka, na maji machafu yalipita pale pale watoto wanapopita kwenda madrasa. Bramwel alifurahi. Kitabu cha Kwaresima kilitaka jambo la karibu na la kuonekana kwa macho. Akasema kwamba penye dhuluma ndipo watakaposali, kila Alhamisi, mpaka ujia ukauke. Mungu huwafikia waja wake kwa njia nyingi. Kwa Mwikali alipitia chooni.

Alhamisi ya kwanza walikuja watu kumi na wanne, na yale magoti yakapona yote. Wanne walikaa kitandani, na Purity, katibu wa akina mama, alikaa kwenye kigoda cha cherehani. Walichungulia dirisha la nyuma, leso puani, wakaandika barua. Mwikali alipita na birika, akiulizwa sukari iko wapi, akiitwa jina lake huku na huku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli alipona. Walipoondoka, aliviacha viti kama vilivyo mpaka asubuhi.

Barua ilimfikia Zein, mwenye lile jengo. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa upande mwingine wa kisiwa na hakujua. Alimleta Tsofa, fundi wa mabomba kutoka Rabai, akamwahidi kwamba kazi hii ikiwa nzuri atampa mabomba ya jengo zima, kazi ya miezi miwili. Tsofa alichimba siku tatu. Kila asubuhi alimwamkia Mwikali kwa heshima, na saa nne alipanda ngazini kunywa chai yake na kumhadithia habari za wanawe. Jumatano ya wiki ya nne alifukia, akapiga saruji, na jioni ile ujia ukakauka.

Mwikali aliutazama kutoka dirishani. Alijua kwamba anapaswa kushukuru, lakini moyo wake ulimwuma kama wa mtu aliyeambiwa afungashe. Kesho wangekuja kutoa shukrani, kisha ratiba ingehamia kwingine na isirudi tena.

Kesho yake, Alhamisi, saa kumi, alichukua mitungi miwili ya maji aliyoyanunua kwa mwenye mkokoteni, katika mtaa ambao mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, akayachanganya na maji aliyooshea samaki, akashuka ngazi za nyuma na kuyamwaga ukutani, juu ya saruji mpya. Jumuiya ilipokuja, Bramwel alichungulia.

"Bado?"

"Bado," akasema Mwikali.

Wakakata shauri kwamba wataendelea kusali pale. Wiki iliyofuata akamwaga tena. Bramwel, ambaye bidii yake haikuwa ya mdomoni tu, alikwenda kwa Zein na wazee wawili kumweleza kwamba amedanganywa na fundi wake.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi ya tatu tangu bomba lizibwe, asubuhi, Mwikali alimwona Tsofa ujiani, amepiga magoti, anapapasa saruji kavu kwa kiganja. Baadaye alipanda na kupiga hodi. Alisema ile kazi ya jengo zima amepewa fundi mwingine.

"Mama, wewe ndiwe ukaaye hapa. Maji haya wayaonayo kila Alhamisi yatoka wapi?"

Mwikali akasema hajui. Tsofa alisema, "Haya," akashuka bila kungoja chai. Siku ile Mwikali hakupinda leso hata moja. Aliona haya peke yake, chumbani mwake.

Jioni, wakati wa maombi, Bramwel alipouliza kama kuna mwenye neno, Mwikali alisimama na birika mkononi.

"Maji ni yangu. Ni mimi ninayeyamwaga. Bomba lilipona tangu Jumatano ile, Tsofa hana kosa. Nilitaka mwendelee kuja."

Hakuna aliyemgombeza. Alikuwa amejiandaa kwa kugombezwa, na kugombezwa nako ni kusemeshwa. Purity alitazama viganja vyake. Bramwel alifunga kitabu, akakifungua, kisha akaanzisha Baba Yetu kabla ya wakati wake, na wote wakamdakia mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua. Chai ilibaki vikombeni. Mwikali alisikia sauti zao zikianza kusema pale tu walipofika chini kabisa.

Bramwel, haki yake apewe, alikwenda kwa Zein kesho yake akasahihisha mambo, na Tsofa akarudishiwa kazi. Tsofa hupita ujiani kila siku na mabomba begani. Bado humwamkia Mwikali, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini hasimami.

Pasaka ikapita. Jumapili moja ratiba mpya ilibandikwa mlangoni mwa kanisa. Mwikali alijitafuta kwenye safu ya zamu, akarudia mara ya pili kwa kidole. Jina lake lilikuwa chini ya karatasi, kwa ule mwandiko mzuri, katika orodha ya wagonjwa na wapweke wa kutembelewa kila mwezi. Lilikuwa kati ya mzee aliyepofuka na mama aliyepooza upande mmoja.

Jumamosi walikuja, Purity na mwenzake, na kilo ya sukari, unga na mche wa sabuni. Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele, amina. Mwikali alikuwa ameshachemsha chai, akawakaribisha waketi. Purity alisema wana wengine wa kuwaona kabla ya magharibi, wakasali wamesimama pale mlangoni, macho wameyafumba. Mwikali hakufumba yake. Aliwatazama nyuso zao muda wote wa sala, kwa kuwa hakujua atawaona tena lini kwa karibu hivyo.

Waliposema amina, akamshika Purity mkono.

"Mimi si mgonjwa. Nipeni zamu."

Purity alisema atamfikishia mwenyekiti. Akaupapasa ule mkono uliomshika, akaushikisha ile kilo ya sukari, na wote wawili wakashuka kwenda kwa mgonjwa wa pili.