Mwenye Nyumba Alikuwa Jikoni

Cheka kama unataka kucheka. Wamenicheka Jinja, wamenicheka Mbale, hata padri wetu alijifanya anakohoa ili ameze kicheko chake. Lakini jambo hili lilinipata mimi, si jirani wa shemeji yangu, na lilinipata mchana, jua linawaka, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja pombe.

Mimi ni askari magereza mstaafu, na mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Nilipostaafu nilijenga nyumba Malukhu, hapo Mbale, yenye kibaraza kinachotazama mlima wa Wanale. Rangi nilipaka kwa mkono wangu. Sakafu ya sebuleni niliitia saruji nyekundu, nikaisugua mpaka kuku akipita anasimama kujitazama. Halafu ikatokea kazi ya ulinzi Doha. Basi nikaipangisha nyumba, nikaenda.

Sasa sikiliza vizuri. Kule Doha nilikuwa nalinda ghala usiku, nalala mchana. Na kila nikilala, naiota nyumba yangu. Wala si ndoto za kupaa angani. Ndoto za kawaida kabisa. Naota nakaza bomba linalovuja. Naota napapasa ukuta nikitafuta misumari ya wapangaji. Otim, kijana wa Lira tuliyelala naye chumba kimoja, alisema nilikuwa nagombana usingizini: "Nani amepigilia msumari hapa?" Na nikiamka, niamini, nilikuwa nimeshiba. Siku moja niliamka na ladha ya malewa mdomoni. Malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyoungwa kwa karanga! Doha utayapata wapi?

Wapangaji wa kwanza, mwalimu na mkewe, walihama bila kuaga. Wa pili, daktari wa mifugo kutoka Kenya, alinipigia simu kwa heshima zote.

"Afande, nyumba ni nzuri. Ila wewe mwenyewe umezidi."

"Nimezidi nini?"

"Mtu yuko bafuni anaoga, mwenye nyumba anagonga mlango amwambie apunguze maji. Hapana, bwana."

Akakata. Nikasema huyo ana wazimu, au kuna tapeli anajiita mimi.

Mpangaji wa tatu alikuwa Hajati Zaituni, mjane, muuza vitenge sokoni. Yeye hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Wewe umeona wapi mpangaji asiyelalamika? Likizo ilipofika, nikapanda ndege.

Njiani nilipitia Wanyange, ng'ambo kidogo ya mji wa Jinja, kwa dada yangu Nambozo. Anauza samaki kando ya ziwa. Badala ya kunikumbatia, alinuna.

"Juzi nilikuwa Mbale," akasema. "Nimepita Malukhu, umesimama kibarazani na fulana na kaptura. Nimekupungia mkono, umenitazama kama mti. Kumbe mtu akienda Uarabuni anasahau dada yake?"

"Nambozo, juzi nilikuwa Doha."

Alinitazama. Akashika kisu chake cha samaki, akaniamuru nitaje jina la mama yetu. Nikalitaja. Akasema nitaje na jina la mbuzi aliyemvunja jino utotoni. Nikalitaja. Ndipo akaniwekea chakula, lakini kile kisu hakukiweka chini mpaka nilipoondoka.

Nilifika Malukhu alasiri. Nikabisha geti. Hajati akafungua, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Aa, afande! Leo umevaa suruali!"

Kisha tabasamu likamtoka usoni. Akageuka kuangalia ndani ya nyumba, akanigeukia tena. "Subhanallah," akasema taratibu. "Na yule aliye jikoni ni nani?"

Nikaingia. Jikoni kulikuwa na mtu amepiga magoti chini ya sinki, spana mkononi, anakaza bomba. Amevaa fulana yenye tundu chini ya kwapa. Lile tundu nalijua, ni langu. Nikamtazama kisogo. Niambie, umewahi kujiona kisogo? Mimi sikujua kama nina kipara huko nyuma. Hakuna aliyeniambia!

Akageuka. Uso wangu. Akatazama miguu yangu kabla hajatazama uso.

"Viatu," akasema, kwa sauti yangu. "Vua. Sakafu hiyo."

Na mimi, Mungu anisaidie, nikavua.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Mwenye nyumba. Na wewe?"

"Mwenye nyumba."

Nikatoa ufunguo mfukoni. Akatoa wake kwenye kaptura. Zikafanana mpaka kamba.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Sasa mseme mapema nani atakula," akasema, "maana mimi nimepikia watu wawili tu."

"Hajati! Kumbe unamlisha?"

"Anajipakulia mwenyewe! Lakini anakaza bomba, anafukuza wezi, hasemi sana. Marehemu mume wangu hakutengeneza hata kitasa."

"Humwogopi?"

"Mwanzoni nilimwogopa. Halafu nikamwonyesha mlango wa choo uliovunjika bawaba, nikaona ni mtu wa maana."

Utasema kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Hapo ndipo kwangu. Nikanyoosha mkono nimguse bega. Ngozi yake ilikuwa na joto la mtu aliye chini ya blanketi. Na papo hapo nikahisi, kwenye bega langu mimi, mkono umenishika. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Kuanzia hapo sikucheka tena. Usingizi ulinishukia kama gunia la mahindi. Macho yakawa mazito, na kadiri nilivyosinzia ndivyo yeye alivyozidi kuchangamka. Akaanza hata kupiga mluzi. Nikaelewa bila kuambiwa: nikilala hapa jikoni, atakayeamka ni yeye, na mimi nitabaki kuwa ndoto ya mtu mwingine.

"Afande!" Hajati akapiga kelele. "Unafifia! Naona sufuria kupitia tumbo lako!"

Hofu ikanirudishia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho kwa hakika, sauti yangu ya gerezani. Nikaivuta kutoka kwenye visigino.

"Askari! Mguu sawa!"

Spana ikaanguka. Akasimama wima, kifua mbele, kidevu juu. Mwili wa askari haujadili amri, hata ukiwa haupo.

"Nani amekupa ruhusa kuacha lindo?"

"Hakuna, afande!"

"Rudi kazini! Nyuma geuka! Mbele tembea!"

Akapiga saluti safi, ambayo mimi mwenyewe siiwezi tena kwa sababu ya bega. Akatoka jikoni, akavuka sebule, akapita getini na kushika barabara, peku, mikono ikirushwa sawasawa. Jirani akamsalimia, "Habari ya mchana, afande," naye akaitika kwa kichwa. Akazunguka kona ya duka la dawa. Tukakimbia kumwangalia. Upande wa pili wa kona hakutokea mtu.

Jioni ile nikampigia Otim simu nimwambie siwezi kurudi Doha, naacha kazi.

"Unaachaje kazi?" akasema. "Si uko hapa kitandani unakoroma? Ngoja nikuamshe."

"Usimwamshe!" nikapiga ukelele, mpaka Hajati akadondosha sahani.

Mpaka leo yuko huko. Otim ananiambia ni mlinzi hodari, haombi likizo, haumwi, na wamempandisha cheo. Mimi usiku nikilala naota nazunguka ghala, na asubuhi naamka nyayo zinaniuma. Nilipomwambia Hajati anirudishie nyumba yangu, alikataa katakata. Eti mkataba wake ni na yule mwenzangu, yeye ndiye fundi. Kwa hiyo naishi kwenye chumba cha nyuma, na kitu kikiharibika ananiita, nikimaliza anakagua, anaguna.

Basi wewe unayejiandaa kwenda ng'ambo, nisikilize. Ukimkabidhi mtu nyumba yako, ikabidhi kweli, uondoke mzima mzima, usijibakize hata kidogo. Na kama moyo hautaki, usipande ndege. Siku moja utarudi ubishe geti lako, na atakayekufungulia ni wewe. Muombe Mungu awe mtu wa kutii amri.