Sauti Iliyokuja Nikiwa Nimebonyeza Kitufe

Siku muuza viazi wa sokoni hapa Njombe aliponiuliza mbele za watu, "Mama Tumaini, maziwa yamerudi au tukuletee ng'ombe?" ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nikamwachia viazi vyake, nikakaza mbeleko, nikaenda na mwanangu moja kwa moja ofisi ya malori. Ninayosema yalinipata mimi, mchana, na akili zangu timamu. Asiyetaka kuamini aache.

Juzi yake niliongea na mume wangu kwa simu ya upepo ya ofisi hiyo. Yeye ni utingo, alikuwa Makambako. Nikamwambia maziwa yamenikauka, mtoto anadhoofika. Kumbe kila mwenye redio ya masafa yale anasikia! Misheni wanasikia, wapasua mbao wanasikia, na kule Makambako spika iko barazani, watu wanajadili matiti yangu wakinywa kahawa.

"Dada, upepo hauna mlango," karani wa simu akanijibu nilipomlalamikia, anacheka.

"Basi lete niwatukane wote!"

Nikamnyang'anya kipaza sauti. Sasa nielewe: simu ile ukibonyeza kitufe unasema tu, husikii kitu. Mpaka uachie ndipo mwenzako asikike. Nikabonyeza. Badala ya kutukana, nikalia. "Mwanangu atanifia," nikasema. Kidole bado kimebonyeza, Mungu ananiona, sauti ikaja.

"Kamwene, mjukuu wangu," ikanisalimu kwa kilugha chetu.

Bibi yangu! Bibi aliyenilea kijijini Mdandu, tuliyemzika hata mimba sijashika. Nani angeweza kuiga kikohozi chake kile?

"Mvue mtoto nguo, mlaze kifuani, jifunikeni blanketi moja. Kunywa uji wa ulezi. Midomo ya watu iache. Hata mama yako nilimnyonyesha huku nalia."

Nilikiminya kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Niliogopa nikiachia atapotea. Karani naye alisikia. Kicheko kilimwisha. "Dada, umebonyeza," akanong'ona. "Haiwezekani."

Kidole kikateleza. Wakasikika vijana wa Makambako: "Mama Tumaini analia huyo!"

Kesho yake soko zima lilirudia maneno yangu, neno kwa neno. Ya bibi, ukiniondoa mimi na karani, hakuna aliyeyasikia. Hata mmoja.

Nilifanya alivyoniambia. Maziwa yakarudi, kwanza matone tu. Sasa Tumaini ana meno, ananing'ata. Lakini mpaka leo nikisikia redio ile ikikoroma, nasimama kusikiliza.

Nawe unayekwenda kusema habari za ndoa au ugonjwa hewani, kumbuka pale hakuna chumba. Sema "njoo nyumbani," basi.

Mimi nilimwandikia mwenye ofisi, nikahakikisha wamegonga muhuri wa kupokea:

"Nalalamika kwamba mnawauzia watu maongezi bila kuwaambia yanasikika kila mahali. Naomba spika ya barazani iingizwe ndani, karani awaonye wateja kabla hawajabonyeza, na walionicheka waniombe radhi. Kuhusu sauti ya bibi yangu sina lalamiko. Ni yeye peke yake aliyeongea nami faragha."