Tope la Karatasi la Darsait

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu kibutu na lundo la mifuko ya karatasi iliyokwisha saruji. Ilikuwa mwaka 1965, Darsait, mtaa wa Maskati, mwaka mmoja baada ya sisi kufika huko tukiyakimbia Mapinduzi ya Unguja. Kazi yangu ilikuwa kuchana mifuko, kukung'uta vumbi na kuondoa nyuzi za mishono, kwa sababu uzi wa pamba ukiingia kwenye mashine hujizonga kwenye meno yake na kazi yote husimama. Kufika adhuhuri nilikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu.

Fundi Mkuu, Mhindi wa Kachi aliyekaa Unguja miaka mingi na aliyesema Kiswahili kama sisi, alinitazama akasema, "Leo unachana. Siku utakayoijua karatasi nzuri na mbaya kwa kuigusa tu, ntakusogeza kwenye birika."

Kiwanda chetu kilikuwa banda refu la makuti ya mtende. Tulitengeneza makadi magumu ya maboksi ya tende na ndimu kavu. Karatasi iliroweshwa birikani, ikapondwa kwa mashine ya dizeli hadi ikawa rojo, yaani uji mzito wa nyuzi za karatasi. Rojo lilimiminwa juu ya chekeche la waya, maji yakachuja, na kilichobaki juu kikashindiliwa na kuanikwa. Lakini nyuzi fupi, zile zisizoshikana, zilipita kwenye matundu pamoja na gundi na vumbi la saruji. Hilo ndilo tuliloliita tope. Tulilimwaga nyuma ya banda, kwenye wadi, mkondo wa maji ya mvua ambao karibu mwaka mzima huwa mkavu.

Msimu wa baridi mvua ilishuka kwa nguvu, wadi ikabeba tope mpaka kwenye kisima cha jirani. Mwenye kisima alikuwa Bi Zuwena, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Unguja kama sisi, aliyekuwa akimuuguza baba yake aliyepooza. Alikuja na ndoo. Hakupiga kelele. Aliiweka mbele ya Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye kiwanda, tukaona maji ya kijivu yenye povu.

"Haya ndiyo nnayompikia baba," alisema. "Onja."

Tajiri hakuonja. Alipeleka watu wakakisafisha kisima, lakini habari ilikwishamfikia Liwali. Askari wake akaleta amri: tope likionekana tena wadini, kiwanda kifungwe. Wengi wetu tulifika Maskati na nguo za mwilini tu. Kazi nyingine hatukuwa nayo.

"Tukalimwage baharini," Tajiri alisema.

"Wavuvi nao watakuja na ndoo zao," Fundi Mkuu alijibu. "Niachie mimi. Tope hili bado lina nyuzi, na penye nyuzi hapakosi kazi."

Tulijaribu kulikausha tuwauzie waoka mikate kama kuni. Likatoa moshi mchungu, wakaturudishia. Tulilichanganya na chokaa, likapasuka juani. Mwisho Fundi Mkuu alitia saruj ya Oman, ambayo si saruji ya mfukoni bali ni udongo uliochomwa na kusagwa. Tukapata vibao vyepesi vya kutandika chini ya paa la bati kuzuia joto. Akataka kuvijaribu kwa Bi Zuwena.

"Mmeniharibia kisima, sasa mnataka na dari?"

"Ndiyo, Bibi. Vikiwa vibaya, wewe hutatuficha."

Alikubali, ila alikisogeza kitanda cha baba yake upande ambao hatukuuwekea kitu. Joto la kiangazi lilipokuja na unyevu wake, kibao kimoja kikalainika na kuanguka pale pale kitanda kilipokuwa zamani. Tulipofika, Bi Zuwena alikuwa amekusanya vipande kizingitini.

"Ningewaamini nyinyi, saa hizi ningekuwa napokea mikono ya pole."

Fundi Mkuu aliketi chini, akavinusa vipande, akavivunja. Ndani vilikuwa na ukungu. "Tumepaka chokaa upande wa chini tu," alisema. "Unyevu umeingilia juu." Akapanda mwenyewe akavishusha vyote.

Vibao vya pili tuliviwekea katikati nyuzi za shina la mtende, tukavipaka chokaa pande zote mbili, tukavilaza juu ya fito. Bi Zuwena alituruhusu kuvipandisha, lakini kitanda hakukirudisha. Kiangazi kingine kikaingia. Mchana mmoja wa Ijumaa nilikuwa nakagua fito nikamsikia mzee, aliyesema kwa taabu, akimwita binti yake.

"Kule chini ya vibao kuna baridi. Nirudisheni mahala pangu."

Bi Zuwena alivikagua vibao kwa macho, kimoja kimoja. Kisha akaniambia, "Shika miguuni." Tukakinyanyua kitanda pamoja, mzee akiwa juu yake.

Tangu hapo maombi ya vibao yalikuja kutoka Mutrah na kwengineko, mpaka tukawa tunalingojea tope kuliko makadi yenyewe. Askari wa Liwali alikuja kuitazama wadi, akaikuta kavu, akaenda zake. Hali ilidumu hadi 1970, Sultani mpya alipoifungua nchi na meli zikaleta mbao na dari za viwandani. Tajiri akafunga banda. Mimi nikaandikwa serikalini, kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi, nikastaafu nikiwa mkaguzi.

Sasa nakaa Al Amerat. Wahandisi vijana huniuliza kama vibao vile vingefaulu vipimo vya leo. Visingefaulu, maji yangevimaliza. Katika maabara nimepitisha zege la madaraja na majumba makubwa, na sikupata kumjua hata mmoja anayeishi chini yake. Lakini uzito wa kitanda kile, na yule mzee akicheka njia nzima kwa kuogopa tusimwangushe, mikono yangu inaujua mpaka leo.