Mchuna chai wa Kimulot aliyeipima laptopu kwa kikapu kitupu

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ya Kimulot, na Loice Adongo anapanga vipande viwili vya mbao juu ya meza yake. Havizidi urefu wa kiganja. Anavipuliza vumbi, anaviweka sambamba, kisha analaza juu ya mbao hizo laptopu ndogo nyeusi iliyochubuka pembe zote nne.

Kwenye msumari nyuma ya mlango inaning'inia aproni ya plastiki ya manjano, ile inayovaliwa na wachuna majani kuzuia umande. Imepasuka pindoni.

"Hiyo usiguse," anasema akicheka. "Hiyo ndio ilikuwa karibu inimalize."

Anabonyeza kitufe. Kabla mwandishi wa makala haya hajapata ukurasa mtupu kwenye daftari lake, kioo kimewaka na barua ya mzazi anayemwombea bintiye nafasi chuoni iko tayari kuendelezwa. Laptopu ya mwandishi, iliyonunuliwa mpya kwa bei ambayo hathubutu kuitaja mbele ya mama huyu, ingekuwa bado inatafakari kama iamke au isiamke.

Loice ana umri wa miaka 46. Alizaliwa papa hapa, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baada ya baba yake, Mzee Eliakim, kupanda kutoka upande wa ziwa kuja kuchochea moto wa bwela, tangi la mvuke, kiwandani. Anazungumza Kijaluo na wazee wake, Kipsigis na majirani, na Kiswahili na kila mtu aliyebaki. Wateja humwita Mama Ajwang, kwa jina la kifungua mimba wake.

Kwa miaka kumi na tisa alichuna majani. Ukimuuliza habari za kuchuna, hakuambii kwanza habari za baridi wala mgongo. Anakuambia habari za mizani.

Kila jioni karani alipopima, alikuwa akikata kilo moja kwa kila mchunaji, kufidia uzito wa kikapu. Kikapu cha Loice alikuwa amekisuka baba yake kwa matete membamba. Aliona hakifiki kilo. Siku moja akamwaga majani yote chini, mbele ya foleni nzima, akakitundika kikapu kitupu kwenye mizani na kusimama kando, mikono kiunoni.

"Ikasoma gramu mia sita. Karani akaniangalia, nikamwangalia. Nikamwambia, kama unatoa uzito ya kikapu, toa ya kikapu yangu, si ya kikapu ya kufikiria. Kutoka hiyo siku laini yetu yote ilikuwa inapimiwa kitupu kwanza. Walisema mimi ni kichwa ngumu. Sawa. Lakini walipanga laini nyuma yangu."

Kichwa hicho kigumu ndicho kilichomwokoa baadaye.

Miaka michache iliyopita, mashine za kuchuna zilifika shambani kwao, na Loice akawa miongoni mwa wanawake walioambiwa wasirudi. Alijiandikisha kwa kozi ya miezi mitatu ya kupiga chapa kanisani. Kisha akashuka mjini Sotik na shilingi elfu saba, akarudi na laptopu hii, tayari imeshatumiwa na mtu mwingine. Kioo chake ni cha inchi kumi na moja. RAM yake, yaani sehemu ya kushikilia kazi inayoendelea, ni gigabaiti mbili tu, na haina hata feni ya kuipoza.

"Watu walinicheka. Waliuliza kama ni ya mtoto kuchezea."

Akakodisha kibanda cha mbao kando ya barabara, akaazima printa ya kanisa na kuanza kazi. Siku nzuri hupata shilingi mia tisa, siku mbaya mia mbili. Kazi kubwa, ile inayomtoa kwenye mia mbili, ni mitihani ya mwisho wa muhula ya shule kumi na moja za eneo hilo. Walimu huandika maswali kwa kalamu, yeye huyapiga chapa na kutoa nakala. Aliyempa kazi hiyo ni Mwalimu Kiplimo, mkuu wa shule mojawapo, na ndiye aliyekaribia kumnyang'anya.

Muhula wa pili mwaka jana, laptopu ilianza kugoma. Windows iliyokuja nayo ilikuwa imejisasisha mara nyingi hata nafasi ikajaa pomoni. Loice alipobonyeza herufi, aliweza kunywa chai kidogo kabla haijaonekana. Mafundi wawili waliitazama, wakamwambia jambo moja: nunua nyingine.

Jumatatu ya wiki ile Mwalimu Kiplimo alifika kibandani, akatazama herufi zikichechemea kwenye kioo, akavua kofia.

"Mama Ajwang, nakuheshimu sana," alimwambia. "Lakini watoto hawawezi kungojea mashine. Nakupatia mpaka Alhamisi saa nane. Ikishindikana, nitachukua makaratasi nipelekee mwingine Litein."

Loice anakiri kwamba alilia. Si kwa ajili ya pesa peke yake, asema. "Nilishatolewa kazi na mashine kubwa. Sasa nitolewe tena na hii kadogo? Nikasema, la, hii hapana."

Alfajiri ya Jumanne alikuwa Sotik, kwa Gichana, kijana anayetengeneza simu karibu na steji. Gichana hakumwambia anunue nyingine. Alimwambia kwamba mashine ni nzima. Kinachoilemea ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiamsha na kuzibeba programu nyingine zote mgongoni. Hiyo inaweza kubadilishwa.

"Nilimpatia flashi tatu, kila moja na aina yake ya Linux, hiyo mfumo ingine ya bure," Gichana anakumbuka. "Nikamfungia uzi wa rangi kwa kila moja ndio asichanganye. Nikamwambia, Mathe, hizi unaweza kuwasha kutoka kwa flashi bila kufuta kitu. Onja zote. Ukipata yako, sasa ndio unaweka ndani. Akaniuliza swali moja tu, na sijawahi kuulizwa na customer mwingine."

Swali lenyewe lilikuwa hili: mfumo ukiwa umewaka, bila kazi yoyote juu yake, unakula RAM kiasi gani?

Gichana akamwonyesha kidirisha kinachotoa hesabu hiyo. Loice akatoa mkobani kadi yake kuukuu ya uzito wa majani, akageuza nyuma na kuandika. Windows iliyokuwemo: megabaiti elfu moja mia tano kati ya elfu mbili, kabla hajaandika hata neno.

"Nikaona sasa. Kikapu peke yake imekula karibu mizani yote. Majani nitaweka wapi?"

Jumatano asubuhi, mbingu zikiwa safi, alianza kupima. Flashi ya uzi mwekundu ilikuwa na mfumo wenye mapambo ya kupendeza, madirisha yakifunguka kwa madaha. Kikapu kitupu: elfu moja mia moja. Akauaga kwa huzuni kidogo, maana ulikuwa mrembo. Uzi mweupe ulikula mia mbili na ishirini tu, akataka kupiga vigelegele. Kisha ukamfungulia kioo cheusi kinachongoja amri za kuandikwa moja moja, na printa ikabaki imenyamaza.

"Kikapu nyepesi sana, lakini haina mshipi ya kubebea. Labda mtu amesoma ataiweza. Mimi nilikuwa na siku moja."

Ukabaki uzi wa buluu. Mia nne na themanini. Printa ikaitika mara ya kwanza. Kazi ikaanza kwenda na Loice akaanza kuimba.

Saa saba mvua ikashuka, kama ilivyo desturi yake huku juu karibu na msitu wa Mau. Paa la kibanda lina matundu mawili matatu. Loice akafanya kile ambacho kila mchuna majani angefanya bila kufikiri: akachukua aproni yake, akaikunja mara mbili, akailaza laptopu katikati na kuifunika ubavu kwa ubavu, ikabaki kioo na vitufe tu. Akaendelea kupiga chapa.

Baada ya nusu saa herufi zikaanza kuchechemea tena. Akaizima, akaiwasha, ikachechemea vilevile. Saa nane na nusu, akiwa amebakiwa na siku moja kasoro, alichukua kalamu na kuufuta uzi wa buluu kwenye kadi kwa mistari miwili. Hakukuwa na uzi mwingine.

Aliyeingia kujikinga mvua wakati huo ni Mongina, mwanamke wa Kisii waliyechuna naye safu moja miaka mingi. Mongina alimkuta rafiki yake ameinamisha kichwa mezani. Akaweka kiganja juu ya laptopu, na upesi akakiondoa.

"Nilimuuliza, Mama Ajwang, mbona kitu yako iko na homa?" Mongina anasimulia. "Halafu nikaona hiyo aproni. Nikacheka, haki ya Mungu. Nikamwambia, wewe umesahau? Mvua ikiisha jua litoke na bado umevaa plastiki, si unachemka mpaka unaona giza? Si unaenda polepole? Vua huyu mtoto!"

Mashine isiyo na feni hujipoza kwa hewa inayopita chini na kando. Ikizibwa, hupunguza mwendo ili isiungue. Gichana angeweza kusema hivyo kwa maneno mengi. Mongina alijua kwa sababu amewahi kuvaa aproni.

Waliichomoa laptopu kutoka kwenye plastiki. Mongina akaokota vipande viwili vya mbao chini ya benchi, ndivyo hivi vya leo, wakaiinua juu yake, na aproni wakaipandisha darini kuziba matundu. Dakika ishirini baadaye uzi wa buluu ulikuwa unakimbia.

Loice akampigia Gichana amwombe aje auweke ndani. Gichana alikuwa Kisii, mazishini. "Mathe, fanya mwenyewe," akamwambia. "Kazi yako iko kwa flashi ingine? Basi fuata maneno kwa kioo."

Kuna mahali mfumo unauliza kama una hakika, kwa maana kila kilichomo kitafutwa. Loice anasema kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda ambao Mongina alimaliza kusali sala nzima.

"Maisha yangu yote vitu vilibadilishwa na watu wengine, mimi naambiwa tu. Hii nilibadilisha mimi. Nikabonyeza."

Ilichukua dakika arobaini. Jioni hiyo na asubuhi yote ya Alhamisi alipiga chapa, akarekebisha majedwali ya hesabu yaliyohama mistari, akatoa nakala. Mongina alikuwa akipanga karatasi na kuzifunga kwa kamba ya katani, shule kwa shule.

Mwalimu Kiplimo alifika saa nane kasorobo na gari la kuazima, tayari kwa safari ya Litein. "Nilikuta furushi kumi na moja zimepangwa kwa benchi," anasema. "Nikahesabu mara mbili. Nikatafuta kosa, nikakosa. Nikamuuliza, umenunua mashine ingine? Akasema, ni ile ile, Mwalimu, nimeitua mzigo." Anaongeza kwa aibu ya kiungwana kwamba laptopu ya ofisi yake sasa inangoja zamu kwenye rafu ya mama huyo.

Inangoja kweli. Iko juu ya nyingine tano, kuukuu, ambazo ofisi moja ya Sotik ilikuwa inatupa. Loice amezipima zote kitupu na kuziandika nyuma ya kadi. Nne zimepewa uzi wa buluu. Moja ina RAM kubwa kidogo, akaipa ule mrembo mwekundu. "Si lazima zote zivae sawa," anasema. "Mizani ndio inaamua."

Jumatatu ijayo anafungua darasa. Amewaalika wanawake watano, wote waliotolewa mashambani siku moja naye. Mwezi wa kwanza hawatalipa chochote. Anataka kufikia mwisho wa mwaka kila mmoja awe na meza yake, huko Kimulot, Sotik, hata Chebunyo, na mbao zake mbili.

Mongina hakuweza kungoja Jumatatu. Anaingia saa nne, miguu ina tope, ananawa mikono hadi kwenye viwiko na kuketi mbele ya mojawapo ya zile laptopu tano kuukuu. Ana umri wa miaka 51 na hajawahi kubonyeza kitufe chochote isipokuwa cha simu. Loice anaiwasha, anamwelekeza mahali pa kuandika jina lake.

Mongina anabaki na mikono mapajani.

"Ngoja kwanza. Nionyeshe kitupu ni ngapi."

Loice anageuka dirishani, anapangusa macho kwa mgongo wa mkono bila kuficha. Kisha anafungua kile kidirisha. Mongina anainama karibu na kioo, anasoma namba kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, na kusogeza kiti chake mbele.

"Sawa," anasema. "Hii nitabeba."