Mkia wa Kondoo na Supu ya Dada

Nilimnunua yule kondoo kwa sababu ya mkia. Mama alikuwa amenipa maagizo kabla sijaondoka: tazama mgongo kama ni mrefu, nyonga kama ni pana, kiwele kama kina chuchu mbili zinazolingana, meno kama yote yapo. Nilipofika mnadani nikaona mkia mpana kama karai, umejaa mafuta, ukitikisika kila akipiga hatua, na maagizo yote yakanitoka kichwani. Mimi ni seremala wa soko la Gikomba, mtu wa kupima. Siku hiyo sikupima chochote.

Mama alimzunguka mara mbili nyuma ya nyumba yetu, Shauri Moyo.

"Umeniletea mkia," akasema. "Kondoo mwenyewe yuko wapi?"

Nilimjengea zizi kwa mabaki ya mbao, nikawa nambebea majani ya kabeji kutoka sokoni. Nilimpenda, sitaficha. Lakini mimba hakushika. Nikaazima dume kwa mfugaji mmoja wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Akahangaika siku tatu, akarudi kwao amechoka. Nikamwambia mwenye dume kwamba mnyama wake si mzima. Kwa hasira akaniletea mwingine, mkubwa zaidi. Naye akashindwa.

Wakati huo dada yangu akatuambia ana mimba ya miezi minne. Kwetu, mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo, na mafuta ya mkia hutiwa kwenye supu yake. Mama akatupa jicho zizini.

"Huyu tasa sasa amepata kazi," akasema. "Ila akishika mimba, simgusi. Mwenye mimba hachinjwi."

Nikarudi Mukuru, nikaomba radhi, nikapewa tena lile dume kubwa. Jumapili hiyo, baada ya ibada, jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, akasimama kututazama. Alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Sasa kijana, nani anamwinulia mkia?"

"Ainuliwe mkia?"

"Si huo ndio umefunga mlango! Wenye mikia kama hiyo lazima wasaidiwe. Vuta kando, dume aone njia."

Basi nikapiga magoti na suti yangu ya kanisani, nikauvuta mkia kwa mikono miwili, uso nimeugeuzia ukutani. Nusu ya kwaya ilikuwa imeshafika.

"Niaje, fundi!" mmoja akapaza sauti. "Hiyo nayo ni kazi ya mbao?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini mkia sikuuachilia.

Baada ya hapo kondoo hakutaka dume tena. Nikamwambia mama ameshika. Hakuamini. Mnyama alikuwa amenona kiasi kwamba tumbo la mimba na tumbo la kabeji yalikuwa kitu kimoja.

Dada alijifungua msichana, Jumatano asubuhi. Kufika saa tano, mama alikuwa nje na mchinjaji, kisu kimenolewa. Nikasimama kwenye mlango wa zizi. Mwanamume mzima, ndevu zimeanza mvi, nalia mbele ya mchinjaji.

"Mama, shika kiwele kwanza. Tafadhali."

Aliinama ili tu ninyamaze. Akapapasa. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimekaza. Akakamua kidogo, na vidole vyake vikatoka na maziwa mazito ya manjano. Mama akaketi pale pale kwenye majani ya kabeji.

"Rudisha kisu," akamwambia mchinjaji. "Tungefanya dhambi."

Dada alikunywa supu ya mifupa ya kununua, na kila kijiko alichoinua alinitazama mimi. Siku ya nne kondoo akazaa. Nikakimbia kumwambia dada.

"Dume ama jike?" akauliza.

"Jike."

"Na mkia?"

"Mkubwa kama wa mamake."

Dada akamhamishia mtoto kwenye titi la pili, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Basi mtunze vizuri. Huyo ni wa mtoto wangu wa pili."

Nampenda dada yangu, lakini tangu siku hiyo kila Jumapili namwomba Mungu ampumzishe kuzaa.