Filimbi Niliyoipuliza Mapema

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyeshika filimbi. Kwa wewe uliyezaliwa baadaye, nieleze kidogo. Siku hizo za Zaire shule yetu, kama nyingine nyingi, ilikuwa na kikundi cha animasyo: watoto waliovaa kitenge cha aina moja, wakicheza na kuimba sifa za chama na wakubwa wake. Tuliacha hesabu wiki nzima ili tujifunze kuzungusha viuno kwa pamoja. Nisidanganye, tuliipenda.

Mkubwa mmoja kutoka Kinshasa alikuwa ameshuka hadi Mumosho kutazama kazi za mto Ruzizi. Angerudi kwa barabara yetu ya Ibanda, na gari la mbele, tuliambiwa, lingekuwa Land Rover nyeupe. Nikiiona, nipulize. Kulikuwa na sharti jingine, nalo ndilo mwalimu alilolirudia zaidi: wimbo ukishaanza, haukatizwi. Kuukata katikati ni kumtukana anayeimbiwa.

Tulisimama tangu asubuhi, maua yakinyauka mikononi. Hatimaye Land Rover nyeupe ikatokea kwenye kona, nami nikapuliza.

Ndani alikuwa papa, baba yangu mzazi.

Alikuwa dereva wa ofisi ya maji. Siku tatu alikuwa huko chini na mafundi, wakitafuta bomba lililopasuka, na asubuhi ile ile maji yalikuwa yamerudi mitaani. Watu walikuwa wamejaza ndoo zao, wakaja barabarani kumngoja mwingine. Umati ukafunga njia, gari likasimama, maua yakaangukia kioo.

"Ee, iko dereva tu!" mama mmoja wa mbele akapiga kelele.

"Imbeni!" mwalimu akafoka, jasho likimtoka. "Musikate wimbo!"

Basi tukaimba beti zote sita. Kwenye ubeti wa pili papa alikuwa ameinamia usukani kwa aibu. Kwenye wa nne akatoa mkono dirishani, akapunga. Alipunga polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani.

Msafara wenyewe ulipofika, maua yalikuwa yamekanyagwa na sauti zetu zimekauka. Mkubwa hakufungua hata kioo.

Kesho yake tuliitwa kwenye ofisi ya chama, papa na mimi. Bwana aliyekaa nyuma ya meza alitaka kujua kama tulikuwa tumepatana kumwibia mkubwa heshima yake. Njiani papa alikuwa ameniambia jambo moja tu: wakiamini hivyo, kazi yake imekwisha.

"Mutoto, uliona nani mu gari?"

"Niliona gari nyeupe, citoyen," nikajibu; siku hizo kila mtu mzima aliitwa hivyo, raia.

"Na weye, citoyen dereva, juu ya nini ulipunga mukono?"

"Batoto balikuwa bananiimbia, citoyen. Ningebakunjia uso?"

Bwana yule akainua karatasi mbele ya mdomo wake. Nadhani alikuwa anacheka.

"Siku ingine upite njia ya nyuma," akasema. "Na huyu mutoto arudishe filimbi."

Papa akabaki na kazi yake. Tulipotoka, vijana walioegemea ukuta wakamsalimu kama mheshimiwa, "Excellence! Unatupita tu?" Akawapungia, wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Nikachanganyikiwa. Maji walikuwa wameyanywa bila kumtaja. Sasa wanamwamkia kwa sababu ya kosa langu, na yeye anafurahi. Je, walikuwa wanamheshimu au wanamdhihaki? Na kama ni dhihaka, mbona alitembea akiwa amejinyoosha vile?

Tulipobaki wawili akaniuliza, bila kunitazama:

"Ulijua kama ni miye?"

Gari lile nililiosha naye kila Jumamosi. Nililijua bonyeo la mlango wake, nilijua hata mlio wake likipanda mlima. Lakini pia nilikuwa nimesimama juani saa nyingi, na macho yangu yalitaka sana kuona kitu cheupe. Nilijaribu kukumbuka kilichotangulia, kumtambua au kupuliza, sikuweza.

"Ndiyo, papa," nikasema.

Akatembea hatua chache mbele yangu, asinionyeshe uso, kisha akanyoosha mkono nyuma ili niushike. Nikaushika. Kama nilimwambia kweli, au nilimpa tu kitu alichokitaka, mpaka leo sijui.