Alama Moja ya Swali la Tano

Shuleni walimwita Kwa Nini. Jina hilo hakupewa na mama yake, alilichuma mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Ukimpelekea daftari la hesabu, hata kama jibu ni sahihi, litakurudia na maneno hayohayo mawili pembeni ya kila mstari: kwa nini, kwa nini, kwa nini. Alifundisha hivyo miaka ishirini na miwili. Wavivu walimkwepa kwenye korido, wa katikati walimvumilia, na kila baada ya miaka michache alijitokeza mmoja aliyempenda kwa sababu ileile iliyowakimbiza wenzake.

Safari hii alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa dereva wa lori, ambaye wenzake walimbandika jina la Kifutio. Binti huyu alikuwa haandiki kitu asikifute kwanza mara tatu. Alifuta mpaka karatasi ikawa nyembamba, kisha ikatoboka, naye akaendelea kuandika kuzunguka tundu kama vile halipo. Na kila alipomaliza kuthibitisha jambo alichora kijisanduku chenye nukta katikati, maana yake: nimefika, sina la kuongeza.

Walikutana kila Jumamosi asubuhi katika stoo ya maabara, kati ya hadubini zisizoona na chupa tupu zilizobaki na majina ya dawa tu. Ubao wao ulikuwa na ufa katikati, kwa hiyo Kwa Nini aliandika upande mmoja na Kifutio upande wa pili. Hapo walipambana na hesabu za mashindano, ambazo si zile za darasani. Hesabu ya darasani ina kanuni yake, unaikamata mkono inakupeleka. Hesabu ya mashindano unaweza kukaa nayo wiki tatu na isikupe hata salamu. Wengi huja Jumamosi ya kwanza kwa mbwembwe, na ya pili wanaumwa tumbo. Kifutio alikuja miaka mitatu mfululizo.

Mashindano yenyewe hufanyika mara moja kwa mwaka. Maswali sita, kila moja alama saba. Wanafunzi sita wa juu huitwa kambini mwezi mzima, wakafundishwa na walimu wa chuo kikuu, na huko ndiko inakochaguliwa timu ya kwenda kushindana nje ya nchi. Mwaka wa kwanza Kifutio alikuwa wa kumi na tisa. Mwaka wa pili, wa tisa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu mwakani angekuwa ameuvuka umri unaoruhusiwa. Ama aende sasa, ama basi tena. Kila mtu pale shuleni alilijua hilo, mpaka mlinzi wa getini, ambaye alikuwa akimwuliza, "Vipi, tunakwenda?"

Sasa tatizo ni hili: Kwa Nini alikuwa pia msahihishaji wa mashindano hayohayo. Hakuna aliyeona ajabu. Walimu wanaoziweza hesabu zile ni wa kuhesabu kwa vidole, na wote wana wanafunzi wao mle ndani. Ndiyo maana ziliwekwa taratibu. Karatasi hazina majina, zina namba. Kila swali lina wasahihishaji wawili, kila mmoja anaandika alama zake kwenye kikaratasi cha pembeni, kisha wanalinganisha. Wakitofautiana, wanakaa chini mpaka waelewane. Na ukitambua mwandiko wa mwanafunzi wako, unanyoosha mkono, mwenyekiti anaichukua karatasi anampa mtu mwingine. Yamekwisha.

Walisahihishia katika bwalo la chuo kimoja, kwenye meza ndefu zilizonuka sabuni ya maji, chupa za chai zikiwa zimepangwa ukutani. Kwa Nini alipewa swali la tano pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi wa shule kabla ya kustaafu, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Swali lilikuwa tamu: watoto kumi na watatu wamesimama uwanjani, umbali kati ya kila wawili haulingani na umbali kati ya wawili wengine wowote. Kila mtoto ana mpira, na anamtupia mwenzake aliye karibu naye kuliko wote. Thibitisha kwamba yuko mtoto atakayekosa mpira.

Ukilitazama vizuri, linafunguka lenyewe. Wale wawili waliokaribiana kuliko wote lazima watatupiana. Kama mtu mwingine naye amemtupia mmoja wao, huyo amepata miwili, basi mipira kumi na mitatu haiwezi kuwaenea watoto kumi na watatu. Kama hakuna, waondoe wawili hao, wanabaki kumi na mmoja, urudie. Mwishowe anabaki mmoja peke yake, wa kumtupia hayupo. Kuna kijimstari kimoja ambacho wengi walikisahau: kusema kwamba wale waliobaki bado wanatupiana wao kwa wao, kwa kuwa hakuna aliyewatupia walioondolewa. Aliyekisahau alikatwa alama moja, akapata sita. Kwa Nini na mzee walikubaliana hivyo tangu karatasi ya kwanza, na kufikia saa tano wameshawapa sita watoto wanane.

Karatasi iliyofuata ilikuwa na tundu.

Kwa Nini aliivuta karibu. Alitazama chini kabisa ya ukurasa na kukiona kijisanduku chenye nukta. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka kutoka mezani, ukafika usawa wa kifua, ukaishia kusukuma miwani yake. Mwaka uliopita mwalimu mmoja alikutwa amempendelea mpwa wake, na mpaka leo akitajwa watu wanakohoa. Kwa Nini alijiona anasimama mbele ya bwalo zima kutangaza kwamba karatasi ile ni ya mtoto wake wa Jumamosi, kisha kila alama ya mtoto yule inatazamwa kwa jicho la pembeni. Akajiambia, mimi siwezi kupendelea. Na kweli, hakupendelea.

Kifutio alikuwa ameandika vizuri, tena kwa mistari michache kuliko wote. Ila kile kijimstari hakukiweka. Aliandika: "Tunaendelea hivyo hivyo mpaka abaki mmoja." Kwa Nini alihisi damu inampanda. Miaka mitatu alikuwa akimpigia kelele kuhusu hiyo "hivyo hivyo" yake.

Mzee alikuwa ameandika sita. Kwa Nini aliandika tano.

"Binti yangu, hawa wa namna hii si tumewakata moja?" mzee aliuliza.

"Huyu mbili."

"Amezidisha kosa gani?"

"Anajua kabisa kinachokosekana, mzee. Ameona uvivu kukiandika. Anayejua akanyamaza ni mbaya kuliko asiyejua."

"Umejuaje kwamba anajua?"

Hapo mkono ungeweza kuinuka tena. Haukuinuka. "Inaonekana tu," alisema. "Angalia alivyoandika kule juu. Mtu wa hivi hawezi kutolijua hilo."

Mzee aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Karatasi zilizobaki mbele yao zilikuwa zaidi ya mia. "Haya, wewe ndiye mwenye jicho," alisema, akaifuta sita yake akaandika tano.

Na Kwa Nini, nisikufiche, aliona fahari. Siku nzima alisahihisha akiwa mwepesi, kama mtu aliyejaribiwa akashinda.

Matokeo yalitoka Ijumaa, baada ya wiki mbili. Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu, kila mwanafunzi na alama zake swali kwa swali. Wa sita alikuwa na ishirini na tisa. Wa saba, Kifutio, ishirini na nane. Chini kabisa waliandika kwamba waliolingana nafasi ya sita wote wangeitwa. Kwa Nini alisoma mstari huo mara nne, kidole chake kikiwa juu ya ile tano.

Nyumbani alimfokea mumewe kwa sababu ya kijiko. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu aliyezoea kusikiliza vichwa vya watu, akamwacha amalize, ndipo akauliza kuna nini hasa. Alipoelezwa alisema, "Mimi ndugu yangu akija dukani namnyoa kama wateja wengine. Simkati sikio ili watu waone sipendelei."

"Usinifanyie mzaha, baba watoto."

"Sifanyi mzaha. Nenda kamwambie mkubwa wako."

Kesho yake aliahirisha kipindi cha Jumamosi, akaenda. Mwenyekiti wa mashindano alikuwa na chumba kidogo chuoni, kimejaa mafaili mpaka kiti cha wageni, ikabidi waongee wamesimama. Alimsikiliza huku akifunga na kufungua kalamu.

"Unataka nikuelewe vipi, mwalimu? Ulimtambua, hukusema, ukamkata?"

"Ndiyo."

"Ungempa saba, ningekufukuza leo hii, na watu wangenielewa. Umempa tano. Niiandikie kamati barua ya namna gani?"

"Andika kwamba wanane wamekosa kitu hichohicho wakapata sita. Karatasi zipo."

"Zipo, na zimefungwa kwa lakiri. Nikifungua hii moja, kila shule italeta yake. Halafu wataniuliza, aliyelalamika ni nani? Nitasema, mwalimu wa mtoto mwenyewe, ambaye pia ndiye msahihishaji." Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Miaka yote natafuta wasahihishaji wasiopendelea. Nimempata mmoja, naye ananiletea balaa. Orodha imeshatoka, mwalimu. Walioitwa wameshaambiwa."

Alitoka pale amekasirika hata hakuona ngazi. Alimkasirikia mwenyekiti, akamkasirikia mzee wa watu aliyekubali kirahisi, akaikasirikia kamati na lakiri yake. Hasira zote hizo zilizunguka, zikarudi kukaa kwake, kwa sababu ndiko zilikotoka.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Kifutio alimfuata stoo. Hakuwa amelia, au alilia akamaliza. Mkononi alikuwa na swali la tano, amelifanya upya kwenye karatasi safi isiyo na tundu.

"Mwalimu, sijaja kulalamika. Nataka kujua tu nilipokosea. Nimeirudia kama nilivyoiandika siku ile. Hapa sikusema kwamba waliobaki wanatupiana wenyewe. Hiyo nimeiona. Najikata moja, napata sita. Hiyo nyingine siioni."

Kwa Nini alikaa juu ya sanduku la chupa.

"Nimeitafuta tangu Ijumaa," msichana aliendelea. "Wewe ulituambia wasahihishaji hawakosei hovyo, wako wawili wawili. Kwa hiyo ipo. Nionyeshe tu, nisije nikaifanya tena."

Angeweza kumwonyesha kitu. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili hakosi la kuonyesha. Aliitazama karatasi ile safi akaona aibu ambayo hajawahi kuiona.

"Haipo," alisema. "Hesabu zako ni sahihi. Sita ilikuwa yako. Aliyekukata ile nyingine ni mimi."

Msichana aliitazama tena karatasi yake. "Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu nilijua ni wewe."

Kifutio alilifikiria jibu hilo jinsi alivyozoea kufikiria kila kitu, pole pole, bila kuruka hatua. Uso wake ulibadilika alipofika mwisho.

"Kwa hiyo ningekuwa mtoto wa shule nyingine, ningeenda."

"Ungeenda."

"Na wale wengine waliokosea kama mimi, uliwakata ngapi?"

"Moja."

Msichana aliikunja karatasi yake mara mbili, akaisogeza juu ya benchi kati yao, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Nje kengele iligongwa. Hakuondoka.

"Jumamosi kuna kipindi?" aliuliza.

"Kipo. Umri umekupita kwa mashindano haya tu. Hesabu bado zipo." Kwa Nini alisikia sauti yake inaomba. "Utakuja?"

"Nitakuja, mwalimu. Ila daftari langu asahihishe mwalimu mwingine."

Akatoka, akafunga mlango bila kuubamiza. Kwa Nini alibaki na kalamu nyekundu mkononi. Shule nzima hapakuwa na mwalimu mwingine anayeweza kuzisahihisha hesabu zile, na msichana alilijua hilo kama yeye.